Kwa Babu Mahlon, Wiki Anayokuja Yeison

Mwaka umemaliza mzunguko wake, Babu Mahlon, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kuvua buti. Ulivua la kushoto. La kulia hukuliwahi, mauti yakakuwahi wewe.

Tulitaka kukuandikia hapa gazetini maneno ya huzuni kama ilivyo desturi, na huzuni ipo. Bibi Edna bado anakata pai vipande kwa idadi ile ile ya zamani, halafu kimoja kikibaki sahanini anakasirika. Lakini utusamehe, wiki hii nyumba yetu haikaliki kwa furaha. Yeison anakuja! Kaka yao Yurani na Deiver, watoto wetu wa kuasili, yule aliyekataa kuja nasi safari ya kwanza, akasema yeye ameshakua, hana haja ya mama wa kukodi. Sasa amekubali mwenyewe, kwa kinywa chake. Nelson mwanao ameshafika Kolombia kumchukua, na Jumamosi watakuwa hapa. Mkewe, mkweo Lovina, amesugua sakafu ya jikoni mpaka Deiver ameteleza juu yake, na bado anaisugua.

Ila ana hofu. Unamjua. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia, "Lovina, wewe hata ukipewa pepo utauliza kama paa linavuja." Safari hii hofu yake ni moja tu: kwamba kijana atapokelewa vizuri mno. Kwa hiyo tunakukumbuka leo kwa jambo moja ulilotufundisha, na wasomao nao wasikie.

Ulikuwa mtu wa kelele njema. Uliamka ukiimba, ukakamua ukiimba, na ng'ombe wakakataa kutoa maziwa siku uliyopata mafua. Mfukoni ulikuwa na peremende za kugawa kanisani mahubiri yanapokolea, na mhubiri akikutazama unamtazama na wewe, kisha unampa mtoto mwingine. Pai ya tufaha ulikula asubuhi, ndani ya bakuli, na maziwa baridi. Wajukuu wote uliwaita "we boga", na aliyefanya vizuri sana alikuwa "boga zuri".

Wakumbuka walivyofika Yurani na Deiver? Furaha ile ilitupofusha macho. Kanisa zima lilipanga mistari minne uani, sauti nne, wanawake kwa kofia nyeupe na magauni marefu, wanaume kwa makoti meusi, na wewe mwenyewe ukiongoza, besi yako ikitikisa madirisha. Gari likasimama. Yurani alikuwa na miaka tisa. Alishuka amemshika mdogo wake mkono, akatutazama tulivyojipanga, akamsogelea binti yako Rhoda, anayekijua Kihispania tangu alipofundisha Guatemala, akamnong'oneza.

"Anasemaje?" ukauliza.

"Anauliza nani amekufa."

"Mwambie hajafa mtu bado," ukasema, "ila hiyo sauti ya tatu ya Alvin nusura ituue."

Tulicheka, ila yeye hakucheka.

Halafu ndipo tulipoanza kumharibu kwa wema. Tuliwapa chumba cha mbele, chenye mfarishi wa kitanda cha wageni ambao watoto wa humu ndani hawaruhusiwi hata kuukalia. Mezani wao ndio wa kwanza kupakuliwa. Majirani wakaleta pai na tambi na kuku, na kila aliyeingia alimshika Yurani kichwa akasema, "Maskini we, pumzika." Akiinuka kuosha vyombo, mikono mitano inamnyang'anya kitambaa. Nyumba hii kila mtoto ana kazi yake, hata wa miaka mitatu ana kazi ya kumwaga maganda kwa kuku, lakini Yurani hakuwa nayo. Siku ya tatu ilipita, mwezi ukapita, na jembe hatukumpa.

Viatu havivui, hata kitandani. Mkoba wake uko mlangoni, umefungwa. Mkweo akajiambia ni baridi ya nchi hii, akamfumia soksi.

Mpaka siku moja Rhoda alikuja kumenya viazi, na Yurani akamuuliza neno. Rhoda akaweka kisu chini.

"Anauliza wanarudi lini."

"Kurudi wapi?" mkweo akashtuka.

"Anasema amekaa sana. Anasema wageni hurudi kwao."

Mkweo alimkumbatia, akalia, akampa kipande kikubwa cha keki. Hilo nalo likawa kosa juu ya kosa, kwa kuwa keki kubwa ni ya mgeni.

Kisha ikaja siku ya mitamba. Yurani alikwenda zizini kutazama ndama, akatoka, na lango akaliacha wazi. Merlin mjukuu wako alimwona asiseme kitu, maana tulikuwa tumewakataza watoto wasimsemeshe kwa ukali. Mitamba wakatoka wote. Wakapita mahindi, wakapita barabara, wakaingia kwenye kabichi za jirani yetu Verna, na Verna akawa uani na ufagio akiita majina ya manabii.

Nawe ukatoka ghalani. Ee, Babu! Sauti hiyo ilisikika mpaka kwenye kiwanda cha jibini.

"Yurani! We boga we! Nani amekwambia lango hujifunga lenyewe? Na wewe Merlin, boga mwenzake, umesimama hapo unasubiri nini, picha? Kimbieni! Wewe upande wa barabara, wewe upande wa kabichi! Haya!"

Mkweo alikuwa bustanini. Alikuja mbio ameshika sketi, anapunga mikono.

"Baba! Baba, usimfokee! Huyo ni mtoto wa watu!"

Ukageuka, jasho linakutoka. "Watu gani? Mimi hapa namwona mjukuu wangu aliyeacha lango wazi. Nawe kama umekuja kusimama, simama pale kwenye pengo, mtamba asipite."

Mkweo akasimama kwenye pengo. Angefanya nini?

Yurani alikimbia. Lugha hakuielewa yote, lakini mkono wako ukionyesha barabara aliuelewa. Alianguka kwenye tope, akainuka, akamsukuma mtamba kwa bega, Merlin anapiga kelele, "Huko, huko! Si huko!" naye anamjibu kwa Kihispania, na kwa jinsi alivyokuwa akimjibu hatudhani yalikuwa maneno ya kanisani. Mtamba wa mwisho alipoingia, ulilifunga lango, ukalifungua tena, ukamwambia, "Sasa wewe." Akalifunga. Ukalitikisa. "Boga zuri," ukasema, ukampa peremende, ukaenda kumwomba Verna radhi, na wao wawili ukawachukua nyuma yako, waombe kwa midomo yao.

Jioni Yurani aliingia kwa mlango wa nyuma, tope mpaka masikioni. Rhoda akamuuliza anachekea nini.

"Babu amenifokea."

"Umeogopa?"

"Amemfokea na Merlin." Akafikiri kidogo. "Maneno yale yale."

Akainama, akavua viatu, akavipanga kwenye mstari pamoja na vya wenzake. Baada ya chakula akachukua kitambaa cha vyombo, na mkono wa mkweo ulikuwa tayari umenyooka kumnyang'anya, ndipo Loretta, mjukuu wako mkubwa, akawahi kusema, "Na sufuria pia, usizikimbie." Yurani akakunja uso kama mtoto yeyote aliyeambiwa aoshe sufuria. Mkweo akatoka nje akasimama kwenye kamba ya nguo, tupu, hakuna cha kuanua, akashukuru Mungu kwa uso ule uliokunjwa.

Babu, hatusemi haya kwa kuchekesha watu. Tunamjua mtoto wa bonde la pili, alikuja kutoka mbali kama hawa wetu. Walimpenda, walimpa kila kitu, hawakumwinulia sauti hata mara moja. Alipotimiza miaka kumi na minane alikunja shuka zake vizuri, akashikana mikono na kila mtu wa nyumba ile, akasema asanteni kwa ukarimu wenu, akaondoka. Hakugombana na mtu. Mama yake anasema afadhali angegombana. Mkweo hilo ndilo linalomkosesha raha, kwamba Yeison naye siku moja atatushukuru kwa ukarimu wetu.

Basi uliowaongoza kwa nyimbo, leo waongoze kwa kunyamaza. Alvin ameshika nafasi yako, na tumesikia ameshawaita watu mazoezini Alhamisi. Alvin, ndugu yetu, tunakusihi, imbeni kanisani. Msije uani kwetu Jumamosi, hata mmoja. Verna, pai zako tunazitaka sana, lakini zilete wiki ya pili, na sahani yako atakurudishia Yeison mwenyewe kwa miguu, tena imeoshwa. Mkimkuta njiani msimshike kichwa, ana miaka kumi na mitatu. Msimwite maskini. Akivunja kitu chenu, mwulizeni amekivunjaje, na mleteni akirekebishe. Sisi chumba cha mbele tumekifunga. Atalala juu, na wenzake, na Jumatatu alfajiri kuna ndama wanaomngoja awanyweshe maziwa kwa chupa. Mkweo amejizuia kufuma soksi. Amejizuia kwa shida sana.

Juzi Nelson alipiga simu kutoka kule, akampa Yeison azungumze na dada yake. Tulijazana jikoni wote, Rhoda akitutafsiria.

"Hao watu wakoje?" Yeison aliuliza.

"Wanaimba sana," Yurani akasema. "Viazi kila siku. Ukikosea wanakufokea."

"Na nikikosea sana?"

"Wanakufokea sana. Halafu mnakula."

Mkweo akashika meza.

"Nitalala wapi?"

"Kwa Merlin na Deiver, kitanda cha juu. Merlin anajamba."

"Mwongo!" Merlin akapaza sauti, na tulimsikia Yeison, kwa mara ya kwanza, akicheka.

Na jana, mkweo alipokuwa akiyaandika haya mezani, Yurani alikuja kusimama nyuma yake akasoma majina ya wajukuu wanaokukumbuka. Akasoma mara ya pili.

"Mama, Yeison hayupo."

"Hakumwona Babu, mwanangu. Na bado hajafika. Tukimwandika, halafu kule uwanja wa ndege akabadili nia?"

"Junia naye hakumwona Babu."

"Junia ni..." mkweo akasema, akamtazama mtoto mchanga mikononi mwa Bibi Edna, aliyezaliwa wewe ukiwa umeshalala kaburini miezi minne.

"Basi?" Yurani akasema.

Mkweo alitaka kumwongeza mwisho, chini, palipokuwa na nafasi. Yurani akaweka kidole kati ya jina la Merlin na lake, akasema, "Hapa," na palikuwa pamebanana, ikabidi kuandika yote upya.

Unakumbukwa na mkeo Edna. Na wanao Nelson, Rhoda na Willis. Na mkweo Lovina. Na wajukuu zako Loretta, Galen, Merlin, Yeison, Yurani, Clair na pacha wake Kendra, Phares, Deiver, na Junia.

Hutatoka mioyoni mwetu, Babu, sisi tuliokuona na sisi ambao hatukukuona.