Alhamisi Aliyopumzika Maduhu

Mpendwa mjomba,

Mama amenipigia huku Korogwe. Anasema kiharusi kimekulaza, na unaniomba nirudi Bariadi niichukue timu yako. Nimekata mkonge kutwa nzima na goti limevimba, lakini jibu nakupa leo.

Unaikumbuka wiki ile tuliyoambiwa watu wa timu ya Mwanza watakuja Jumamosi kuchagua wachezaji? Jumatatu ulitukimbiza hadi wengine wakatapika. Jumanne mashuti na kukabana, Jumatano mbio tena. Tulikuwa tunatoka kuvuna pamba, vidole vimechanika, tunakuja kwako. Nikakuomba siku moja ya mazoezi mepesi. Ukacheka mbele ya wenzangu: "Ng'wanawane, mwanangu, wewe una mapafu ya punda. Punda naye anaomba likizo?"

Alhamisi ukatupandisha kilimani tumebebana mgongoni. Maduhu, mwanao, hakuwepo. Ulisema ana homa. Jioni nilipoleta mipira kwako nikamkuta ameweka miguu juu ya kiti, anakunywa maziwa.

"Umepona?" nikamuuliza.

"Nani kaumwa? Baba kasema mechi ikikaribia mwili unapumzishwa. Kafundishwa kwenye kozi ya ukocha."

Kumbe ulijua, mjomba. Ujinga ningekusamehe.

Jumamosi nilicheza vizuri hadi mapumziko. Kipindi cha pili miguu ikakataa, msuli wa paja ukakatika, nikaangukia goti. Ukapiga kelele ukiwa pembeni ya uwanja: "Mtoeni huyo, amelala kama bibi harusi." Maduhu akachaguliwa. Siku niliyosikia timu imemrudisha, na kwamba sasa anaendesha bodaboda pale stendi, nilinunua soda nikainywa polepole.

Sikuonei huruma. Mama analia kwenye simu, mimi nasubiri amalize. Anasema maneno yanakutoka kwa shida, na linalosikika vizuri ni jina langu. Sawa, endelea kulitaja.

Kazi yenyewe naiweza. Ningewapa vijana siku ya jasho, kesho yake wanagusa mpira taratibu, na mechi ikikaribia wanalala. Wangeshinda. Halafu wangekuja hapo kitandani kukushukuru kwa kuwatafutia kocha mzuri.

Shukrani hiyo hutaipata kwa mkono wangu. Kaa salama.

Mpwa wako, mtoto wa dada yako