Krimu ya Mtoto Inaisha

Jumatatu, 3 Machi

Krimu ya mwanangu Kidonge imeisha tena! Ile nzito nyeupe ya vipele vya nepi. Kopo nimefungua wiki iliyopita tu. Mtoto ana makalio mawili kama watu wote — si ya kumaliza kopo zima. Nimemuuliza baba yake. Eti labda panya. Basi panya wa nyumba hii wana ngozi laini!

Jumanne, 4 Machi

Baba Kidonge amechonga nyusi. Zimenyooka kama zimepigwa rula. Mtu anayeshinda anachomelea mageti! Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai. Amesema kinyozi alijisahau. Akajisahau nyusi zote mbili, sawasawa?

Amejitazama kwenye kioo, kisha kwenye simu, kisha kwenye mfuniko wa sufuria. Mfuniko ndio ulimpendeza zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea chakula karakana. Wenzake wakanipokea: karibu shemeji, Bi Harusi bado yuko ndani! Wakaangua kicheko. Baba Kidonge akajifanya hasikii, akagonga chuma kwa nguvu.

Nikiwa narudi, jirani mshonaji akanivuta pembeni. Eti mwanaume akianza kujipodoa, ujue kuna mtu anamwangalia. Fungua macho, mdogo wangu. Nikamwambia wangu si wa hivyo. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikanusa shati lake. Moshi. Jasho. Na — makalio ya mtoto! Nilitaka kulia nikashindwa. Mwanamke gani huyo anayevutwa na harufu ya nepi?

Ila shati nimelinusa tena.

Ijumaa, 7 Machi

Baba mkwe amepiga simu. Jumapili mchana anakuja kumwona mjukuu. Tena amesikia habari za nyusi, anataka kuziona kwa macho yake. Nani kampelekea? Mzee yule alikuwa seremala miaka arobaini, kwake uso wa mwanaume ni wa kumwaga jasho, basi. Mwaka jana alimkuta mwanawe na shati la waridi, akagoma kula.

Baba Kidonge amenywea kama puto. Lakini krimu ya kopo jipya nayo imepungua. Nimeweka alama kwa kalamu kwenye kopo, simwambii mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuma!

Bafuni, mlango umeegeshwa tu. Uso mweupe wote, anajipigapiga mashavu taratibu kama anabembeleza andazi. Nikamuuliza waziwazi: kuna nani?

Akakaa juu ya ndoo. "Kuna Kidonge," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza huku anatazama sakafu. Mwanga wa kuchomelea umemuunguza uso, miwani imeacha duara mbili machoni kama bundi. Kila akirudi na kumnyanyua mtoto, mtoto anapiga yowe. Krimu anapaka ili uso upone, mtoto amtambue. "Wiki tatu hajakubali nimshike, Mama Kidonge. Ananiogopa. Mimi, baba yake."

Na mimi nilidhani uso ni masizi tu, na mtoto anadeka!

Na nyusi? Cheche iliunguza moja, kinyozi akasawazisha na ya pili. Na kule kujitazama kwenye mfuniko? Hapo akacheka kidogo. "Hapo nilijipenda."

Nimemfuta krimu iliyoingia sikioni. Habari ya kunusa shati sijamwambia. Sitamwambia.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimesimama, lazima niandike! Asubuhi hii Baba Kidonge amejipaka mara ya mwisho, eti ataosha kabla mzee hajafika. Amekuwa mweupe kama ukuta wa zahanati. Kidonge akamkazia macho. Nikasema moyoni, hapo sasa ni kilio. Mtoto akanusa. Akanusa tena. Akanyoosha mikono — yote miwili!

Yuko kifuani kwa baba yake hivi sasa. Anacheka, anamchota krimu puani, anajipaka na yeye. Baba mtu anaogopa hata kupumua. Machozi yanamchora mistari mashavuni. Anasema krimu imemwingia machoni. Haya, krimu.

Hodi!

Sauti ya baba mkwe. Lakini alisema mchana! Hata saa tano haijafika! Nimechukua taulo na sabuni, maana krimu hii kwa maji matupu haitoki, naijua. Nimenyoosha mikono nimpokee mtoto. Kidonge amemng'ang'ania baba yake masikio yote mawili, hatoki mtu.

Hodi tena. Mzee anauliza kama humu ndani tumekufa.

Baba Kidonge ameangalia taulo. Ameangalia mlango. Amemwangalia mtoto.

"Mfungulie baba," amesema. "Mwambie siwezi kuinuka, nimempakata mwanangu."