Nimemzika Mama Mkwe Angali Hai

Bibi Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina pa kukimbilia, nisaidie, na jina langu ulifiche. Mimi nafanya kazi kwenye mashine ya kusindika mkonge hapa Rudewa, na wakati wa masika mashine ilimkata mkono mwenzangu Tomasi nikiwa nimesimama ubavuni mwake, msimamizi wetu akaamuru ioshwe tuendelee, nami nikawekwa pale pale alipokuwa Tomasi, na tangu siku hiyo king'ora cha asubuhi kikilia nauona ule mkono wake. Nilimweleza msimamizi, akasema shamba sasa ni mali ya umma na anayeogopa mashine ni kupe, basi nikaanza utoro, leo naumwa, kesho mtoto anaumwa, kumbe nashinda mtoni, mpaka visingizio vikaniishia, ndipo mke wangu alipokwenda kuvuna Masanze nikasema mama mkwe amefariki kwao Lumuma, nikapewa siku nne. Jioni niliyorudi kazini, mke wangu akiwa bado Masanze, wenzangu wote walikuja kunihani na unga na maharage, na msimamizi mwenyewe akaketi mkekani, akanishika mkono, akaniambia, "Pole, ndugu yangu. Ungeniambia mapema kwamba mama anaumwa, ningekuruhusu ukamuuguze." Nililia kweli, nao wakadhani namlilia mkwe. Sasa mama mkwe anaumwa kweli, miguu imevimba, hali chakula, na mke wangu kila siku ananihimiza niombe ruhusa twende, nami namzungusha mpaka ananiona sina utu. Nitaombaje ruhusa ya kumuuguza mtu niliyekwisha kumzika?

Mwenye Aibu, Rudewa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa uliyoyaona. Mtu aliyeona mkono wa mwenzake ukikatwa, kisha akawekwa mahali pale pale, kuogopa kwake si uvivu. Hapo ulionewa. Msimamizi wako ana nafasi ya kuketi msibani, lakini ya kumsikiliza aliye hai hana, na nusu ya utoro wako ameulea yeye.

Nusu nyingine ni yako. Njia ya mwongo ni fupi, nawe katika watu wote ukamchagua mama aliyekupa mke. Sasa binti yake anakubembeleza akamwone mzazi wake, nawe unamzungusha. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Jibu hili nimekutumia kwa posta majuma mawili kabla ya kulichapa, maana huko kambini kwenu watu husomeana gazeti, na hakuna atakayeuliza ni nani huyu, wote watakujua. Mwambie mkeo leo, kabla hajaambiwa bombani. Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi pamoja na mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, useme yote, na hofu ya mashine uiseme, uombe uhamishiwe kwenye kuanika nyuzi. Wakikupa adhabu, ipokee. Aliyekaa mkekani kwako huenda safari hii akakusikia. Kisha, ruhusa iwepo isiwepo, mpeleke mkeo Lumuma.

Na mkifika mkakuta mmechelewa, usikae ukiwangojea wenzako wa kazini. Wao walikwisha kuja.