Jibu la Telegramu ya Mzee Vijay

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Teresia Kavutha
Umri: Miaka 46
Kazi: Kutunza wazee majumbani
Makazi: Stratford, London

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikijua kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa.

Namtunza Mzee Vijay nyumbani kwake Neasden. Ana miaka tisini. Ujanani alikuwa karani wa telegramu wa serikali ya kikoloni kule Nairobi. Ujumbe wa kwenda London aliugeuza kuwa tarakimu za siri, na majibu ya London akayafumbua. Safari moja serikali iliuliza London kuhusu uhai wa mtu aitwaye Mbithi, aliyehukumiwa kunyongwa. London ilijibu asamehewe. Mvua ilikuwa imeangusha nyaya, jibu likafika Mbithi amekwisha kuzikwa. Haya Mzee aliniambia mwenyewe, akili yake ikiwa bado timamu.

Sasa ugonjwa wa kusahau umemrudisha kule. Habari za Mbithi huzisema kwa Kiswahili tu.

Mnamo tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, nilikuwa jikoni nikimpikia uji. Aliingia amevaa suti na tai.

"Teresia, jibu limekuja?"

"Bado, Mzee. Keti unywe uji."

"Watamnyonga kesho! Naenda London mwenyewe."

"Mzee, hapa ndipo London."

Alinitazama. "Basi mbona tumekaa?"

Nilicheka, nikidhani yameisha. Nilipopeleka uji sebuleni, mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Nilimpigia simu binti yake, Lila, kisha polisi. Mtaa wa Whitehall, zilikokwenda telegramu zake, alikuwa akiutaja kila siku, na kadi yake ya treni haikuwepo, kwa hiyo nilikimbilia huko kwa treni nikiwa na ndala. Nilimkuta kwenye lango la ofisi moja ya serikali, ameshika nondo za lango kwa mikono miwili, akilia, "Fungueni! Mtu anakufa!" Wapita njia walikuwa wakimpiga picha. Mlinzi alimsihi kwa upole, hakumgusa. Mzee aliponiona aliachia nondo aje kwangu, akateleza. Niliusikia mfupa ukivunjika.

Nilipiga magoti. Mguu hakuutaja.

"Jibu?"

"Limefika, Mzee. Mbithi hanyongwi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akafumba macho. Nilimshika mkono mpaka ambulensi ilipokuja.

Lila anasema nilizembea. Mlango sikuufunga kwa ufunguo kwa sababu yeye mwenyewe alikataa baba yake afungiwe ndani. Simlaumu, ni mtoto na baba yake. Lakini amenikataza kufika wodini, na Kiswahili yeye hajui. Afande, Mzee atakuwa amesahau nilivyomwambia. Atauliza tena kila akiamka, na wauguzi watadhani anataka maji. Nakuomba, mtu amwambie, "Limefika." Ni neno moja tu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina mengine.

Sahihi: T. Kavutha

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kupitia mkalimani, shahidi akasomewa na kuyakubali. Nimepiga simu wodini mbele yake. Muuguzi amesema mgonjwa anaita kwa lugha wasiyoifahamu, na hawezi kumpa simu wala kumfikishia ujumbe bila idhini ya familia. Lila hapokei simu. Shahidi amekataa kuondoka, bado ameketi mapokezi hapa kituoni.

Konstebo Surinder Gill