Barua Aliyoibeba Mboje

Sapiwi, Bariadi

Mpwa wangu Novatus,

Mwangaluka. Pamba yangu mwaka huu imerefuka mpaka nachuma kwa ngazi. Mama yako hali chakula vizuri tangu simu yako iache kupatikana mwezi wa tatu.

Ulipojiunga na jeshi la huko Ulaya, nilitangaza kwenye mzani wa pamba kwamba umeteka mji peke yako. Mji uliporudi kwa adui, nikasema umewaachia kwa huruma. Mwaka wa tatu ulinipigia ukisema mliingia msituni thelathini, mkatoka wanne. Hiyo sikuitangaza.

Sasa Mboje, mtoto wa jirani yetu Ngasa, ameuza maksai wake wawili apate nauli ya kukufuata. Nilimwita nikamweleza yote uliyoniambia, bila kutia chumvi. Akacheka.

“Mjomba, leo ndiyo umedanganya. Unaogopa nitampita Novatus wako.”

Nikaapa kwa kaburi la mama yangu.

“Hata yule mamba uliyesema unamkamua maziwa, uliapa hivyo hivyo.”

Baba yake naye hanisalimii tena. Anasema maksai wale niliwauza mimi kwa mdomo wangu.

Mboje anaondoka kesho. Ameomba barua ya kumtambulisha kwako, ndiyo hii. Sijaifunga. Anaweza kuisoma njiani, hataiamini.

Akikukuta hai, mrudishe. Asipokukuta, atajua kwamba siku moja nilisema kweli.

Mjomba wako Masalu,
ambaye kwenye mzani bado wanamwita Jenerali.