Mkono wa Odette

South Beach, Durban

Mdogo wangu Hamisi,

Hujambo? Na miguu ya mama inaendeleaje, ule uvimbe umepungua? Mimi mwili hauna neno, ila wewe umenichosha. Ukiona jina langu kwenye simu hupokei, basi soma.

Unajua Jumamosi hapa saluni tunasuka huku tunasikiliza kipindi chako kwenye simu yangu, tumeiunganisha na spika. Wateja wananiita dada wa redio. Sasa siku ile msikilizaji wa huku alipokupigia, akataja kliniki ya mtaa wetu kwamba wanatoa mimba, wewe ulimjibu nini? "Na nyinyi wanaume wa Durban mnapita hapo kila siku. Mikono mmepewa ya kazi gani?" Saluni nzima ilicheka.

Jumatatu asubuhi, kliniki haijafunguliwa, mtu akarusha chupa ya petroli dirishani. Ndani hakukuwa na daktari wala mgonjwa. Alikuwemo Odette, yule Mrundi ninayekusimulia siku zote, asubuhi anafanya usafi kliniki, mchana anasuka nami hapa. Mkono wake wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko. Aliyerusha amekamatwa. Ni mume wa mteja wetu, msikilizaji wako, mtu mpole, hapiti mlangoni bila kutusalimia.

Halafu nakusikia tena hewani: "Mimi nilisema tu, sikumtuma mtu." Eish, Hamisi. Ukiwauliza watu mikono yao ni ya kazi gani, ulitegemea wakujibu nini? Na usiniambie natetea utoaji mimba. Kwa hilo mimi, wewe na mama tuna msimamo mmoja, na ungeusema huo kipindi kizima nisingekuwa na neno. Lakini ulitaka simu ziite, ukatia chumvi. Kinachoniudhi ni kwamba una akili, na ulijua unachokifanya.

Nilimpelekea Odette uji hospitali. Hakunigombeza. Aliniambia kwa Kiswahili chake kile, "Dada, uliza ndugu yako, mimi niliua nani? Miye nilikuwa napangusa chini tu." Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Mama mfikishie shikamoo yangu, na habari hii usimfiche. Wifi yangu mwambie vile viatu vya mtoto nimeshavipata, nitampa mtu anayerudi Tanga. Na fundi mitambo wako umwambie aache ule muziki wa vita anaokuwekea mwanzo wa kipindi, huendi vitani wewe.

Odette ametoka hospitali. Jumamosi nitakuwa namsuka, maana mwenyewe hawezi tena hata kushika kitana, na kipindi chako nitakifungua kama kawaida. Atakuwa amekaa kwenye kiti changu, anakusikiliza. Sema naye.

Dada yako,
Zuhura