Nguo ya Mama Jerop Haijaisha

Eldoret

Kwako Mama,

Natumaini goti limepoa na kuku waliobaki hawajaugua tena. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku unaijua. Naandika nimevaa koti ndani ya nyumba.

Kazi ya ukumbi inaendelea. Wiki hii tuna maonyesho kuhusu zile vurugu za uchaguzi zilizotuhamisha. Kuna washairi, kuna wanafunzi wa sekondari wanaoigiza kuchoma nyumba za maboksi. Watu wanapiga makofi, halafu wanakunywa chai. Mimi napanga viti.

Waandalizi waliomba watu walete vitu walivyochukua kwa majirani siku zile, bila kuulizwa jina. Mwenyewe akikitambua chake, anakichukua. Nilijiambia hakuna atakayebeba aibu yake mchana kweupe. Wakaja. Sufuria, milango, redio, hata kitanda cha mtoto. Nikapewa kazi ya kuandika kadi za vitu hivyo.

Jumanne mama mmoja akaleta cherehani kwa mkokoteni. Pembeni mwa meza yake ya mbao imechongwa kwa msumari: WAFU. Unakumbuka kwa nini sikumaliza jina langu. Ulinifumania, nikachapwa.

Alikuwa Mama Jerop, jirani yetu wa Kiplombe. Najua ulikataza jina hilo lisitajwe nyumbani kwako. Nivumilie.

Akanitazama sana. "Si wewe ni Wafula?"

Nikasema ni mimi.

"Hii mashini ni ya mamako. Hiyo siku nilikuwa nakuja kuchukua nguo yangu, nikapata nyumba iko wazi, watu wanabeba vitu. Na mimi nikabeba. Siwezi kukudanganya, nimeshona uniform za watoto wa watu nayo mpaka wangu wakamaliza shule."

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo miaka yote, Mama. Nikamuuliza kama atakunywa chai. Nilikasirika, na hadi sasa nimekasirika.

Akafungua droo, akatoa ile nguo ya kitenge cha kijani uliyokuwa ukimshonea. Mkono mmoja umeshonwa, wa pili umeshikizwa na pini zilizoota kutu.

"Kushona najua," akasema. "Lakini hii sijawahi guza. Ambia mamako nguo yangu haijaisha."

Sasa, masharti ni kwamba mwenyewe aje. Mtoto hachukui kwa niaba ya mzazi. Tangazo hilo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Visivyochukuliwa kufikia Jumapili ijayo vitapewa chuo cha ufundi. Uliapa hutakanyaga Eldoret tena, nami sikulazimishi. Ila Mama Jerop huja kila siku akimaliza kukama. Anakaa kiti cha nyuma, hasikilizi mashairi. Anaangalia mlango.

Nisalimie dada Nekesa na watoto wake wa nasari, na Mjomba Barasa anayesaga unga kwa posho mill. Mwambie sijasahau viatu nilivyomwahidi. Shangazi anayekuombea goti mwambie aongeze bidii, pengine utasafiri.

Ukija, beba miwani yako. Na uzi wa kijani, Mama. Nimezunguka maduka yote hapa mjini nikitafuta rangi ile, nimeikosa.

Ni mimi mwanao uliyemchapa,
Wafula